Magnesiamu kwa moyo kudunda na uchovu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama hivi sasa una maumivu ya kifua, umezirai, au unakosa pumzi huku moyo ukienda mbio, usiendelee kusoma. Nenda hospitali. Wengine waanzie swali lolote, ila swali la 4 na la 15 yasirukwe na mtu.

## Mambo ya msingi

1. Magnesiamu inahusikaje na moyo na uchovu?

Moyo hudunda kwa umeme, na umeme huo ni sodiamu, potasiamu na kalsiamu zinazopishana kuingia na kutoka kwenye seli. Magnesiamu huizuia kalsiamu isiingie kwa wingi kupita kiasi, na bila magnesiamu pampu inayorudisha potasiamu ndani ya seli haifanyi kazi vizuri. Ikipungua sana, seli za moyo husisimka ovyo na kutoa mapigo yasiyo ya wakati wake.

Kwa upande wa uchovu, ATP, ambayo ndiyo nishati ya kila seli, hufanya kazi ikiwa imeshikana na magnesiamu. Vimeng'enya zaidi ya 300 mwilini huitegemea. Ndiyo maana mwenye upungufu wa kweli huhisi misuli mizito, mara nyingi pamoja na kukakamaa kwa misuli ya miguu na kope kuchezacheza.

2. Kwa hiyo nikianza vidonge, moyo utatulia?

Inategemea kama ulikuwa na upungufu. Ukiwa nao, kuurekebisha huweza kutuliza mapigo ya ziada na kurudisha nguvu. Usipokuwa nao, usitarajie mengi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, wagonjwa 232 wenye mapigo mengi ya ziada waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa magnesiamu pamoja na potasiamu kwa wiki 3. Mapigo ya ziada yalipungua kwa takriban asilimia 17, lakini wagonjwa wenyewe hawakuhisi nafuu kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mashine iliona tofauti ambayo mtu mwenyewe hakuihisi, na aliyekwenda kununua chupa alikwenda kutafuta nafuu ya kuhisi.

3. Nitajuaje kama nina upungufu?

Anza kwa kuangalia kama kuna sababu ya kuupata. Mtu mwenye figo nzima na anayekula mlo wa kawaida mara chache huishiwa magnesiamu, kwa kuwa figo huibana isitoke kwenye mkojo. Walio hatarini ni wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli kwa muda mrefu (hasa zaidi ya mwaka), wanaotumia dawa za kutoa maji mwilini kama furosemidi na hidroklorothiazidi, wanywaji wa pombe nyingi, wenye kisukari kisichodhibitiwa, walioharisha kwa muda mrefu, waliokatwa sehemu ya utumbo, na wazee wanaokula kidogo.

Kipimo cha kawaida ni cha damu. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.7 na 1.0 mmol/L kuwa sawa, sawa na takriban mg 1.7 hadi 2.4 kwa desilita. Jibu likiwa chini, upungufu upo. Likiwa ndani ya mipaka, haliondoi shaka yote: mwili wa mtu mzima una karibu gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu iko mifupani, na kwenye damu haifiki asilimia 1. Daktari anayeshuku bado anaweza kuagiza mkojo wa saa 24. Kipimo chochote utakachopewa, omba potasiamu, kalsiamu na kreatinini (inayoonyesha kazi ya figo) zipimwe kwenye damu hiyo hiyo. Sababu ziko kwenye swali la 13 na la 15.

4. Ni lini moyo kudunda si jambo la kujaribia vidonge?

Ukizirai au ukikaribia kuzirai. Ukiwa na maumivu au kubanwa kifua. Pumzi ikikatika. Mapigo yakianza ukiwa katikati ya mazoezi au kazi nzito, si baada yake. Ukiwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana, au kama katika ukoo wako kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana. Na kama mapigo yamezidi 120 kwa dakika umekaa umetulia na hayashuki. Hali zote hizi zinahitaji daktari siku hiyo hiyo, na tatu za kwanza zinahitaji gari la wagonjwa.

Kuna moja zaidi ambayo watu huipuuza kwa sababu haiumi: mapigo yasiyo na mpangilio wowote, moja mbali, mawili karibu, tena moja, kwa dakika nyingi au saa. Hiyo huenda ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Damu hukwama ndani ya vyumba hivyo, huganda, na bonge likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Magnesiamu haizuii kiharusi hicho, na kila mwezi unaopita ukijaribu chupa mpya ni mwezi bila dawa ambayo ingekizuia.

5. Nifanye vipimo gani kabla ya kununua?

Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kwanza. Kisha wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, homoni ya tezi ya shingo (TSH), sukari, kreatinini, potasiamu na magnesiamu. Kwa mwanamke anayeweza kuwa mjamzito, na kipimo cha mimba. Upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kudunda na uchovu kwa pamoja, dalili zile zile ambazo watu huzihusisha na magnesiamu. Vyote viwili vina tiba, na hakuna kinachotibika kwa chupa hii.

ECG ya kliniki hurekodi sekunde chache tu, kwa hiyo ikitoka safi wakati moyo umetulia haijathibitisha mengi. Omba kifaa kinachovaliwa saa 24 au zaidi. Kabla ya hapo jisaidie mwenyewe: moyo ukianza, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 60 kamili, kisha andika idadi, kama mwendo ni sawa au umevurugika, ulianzaje, ulikomaje, na ulikunywa au kumeza nini saa chache kabla. Moyo unaoruka ghafla hadi 150 au zaidi kisha ukakoma ghafla kama taa iliyozimwa una maana tofauti na ule unaopanda polepole ukiwa na hofu. Pigo moja la ziada, kimya kifupi, kisha mshindo mkubwa kifuani: hilo ndilo la kawaida zaidi na kwa moyo mzima mara nyingi halina madhara. Daktari akipewa karatasi yenye maelezo kama hayo huokoa wiki kadhaa za kubahatisha.

## Kuchagua na kusoma lebo

6. Aina ni nyingi. Nichukue ipi?

Magnesiamu haiuzwi peke yake. Hubebwa na kitu kingine, na mbebaji ndiye anayeamua inavyoyeyuka na tumbo litakavyoipokea.

Oksaidi ni ndogo kwa umbo na ina magnesiamu nyingi kwa uzito, takriban asilimia 60, lakini huyeyuka kwa shida na nyingi hupita bila kufyonzwa. Ni nzuri kwa mwenye kufunga choo kuliko kwa mwenye upungufu. Sitreti hufyonzwa vizuri zaidi, ila nayo hulegeza choo. Glisineti ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi wanaoanza, kwa sababu tumbo huivumilia. Kasoro yake ni kwamba magnesiamu ndani yake ni takriban asilimia 14 tu, hivyo vidonge ni vikubwa au vingi. Kloraidi hufyonzwa vizuri pia.

Taureti hutangazwa kuwa ya moyo, na treoneti kuwa ya ubongo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwa binadamu kwamba taureti hutuliza mapigo kuliko sitreti au glisineti. Usilipe zaidi kwa ajili ya picha ya moyo kwenye lebo.

7. Lebo inasema mg 1,000. Je, ninapata mg 1,000 za magnesiamu?

Mara nyingi hapana, na hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Tafuta kiasi cha magnesiamu halisi, ambacho kwenye lebo za Kiingereza huandikwa "elemental". Glisineti ya mg 1,000 ina takriban mg 140 za magnesiamu halisi. Oksaidi ya mg 400 ina takriban mg 240. Angalia pia mstari wa kipimo cha mara moja: chupa ikisema mg 200 kwa kipimo na kipimo ni vidonge viwili, kila kidonge kina mg 100.

Baadhi ya bidhaa huandikwa glisineti mbele, na nyuma kwa maandishi madogo oksaidi imechanganywa. Kidonge kimoja kinachodai kuwa na mg 300 za magnesiamu halisi kutoka glisineti tupu kingekuwa na uzito wa zaidi ya gramu 2. Kama ni kidogo na chepesi, soma tena.

8. Nimeze kiasi gani?

Mahitaji ya mtu mzima kwa siku, chakula kikiwemo, ni mg 400 hadi 420 kwa mwanamume na mg 310 hadi 320 kwa mwanamke. Kinachotoka kwenye vidonge kina mpaka wake: Marekani imeweka mg 350 kwa siku, Ulaya mg 250. Mipaka hiyo iliwekwa kwa sababu ya kuharisha, na haihusu magnesiamu ya chakula.

Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, njia ya busara ni mg 100 za magnesiamu halisi kila jioni kwa wiki moja, kisha mg 200 choo kikiwa sawa. Wengi hawana haja ya kwenda mbali zaidi. Ukifika mg 200, kuzigawa mara mbili ni bora, kwani utumbo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kiasi kidogo kuliko ya kiasi kikubwa kwa mkupuo. Viwango vya juu ya mg 350 ni vya daktari anayefuatilia damu yako.

9. Je, siwezi kuipata kwenye chakula?

Unaweza. Gramu 28 za mbegu za maboga zilizokaangwa zina takriban mg 150, lozi za uzito huo mg 80, korosho mg 74. Nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa ina karibu mg 78. Maharage, karanga na nafaka zisizokobolewa huongeza. Kwa asiye na ugonjwa wala dawa inayopoteza magnesiamu, mlo kama huo unatosha. Kwa anayepoteza kupitia figo au utumbo, kwa kawaida hautoshi peke yake.

## Kumeza kila siku

10. Asubuhi au usiku? Na chakula au tumbo tupu?

Saa haina umuhimu mkubwa. Kumeza kila siku ndiko kwenye umuhimu. Pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu na kuharisha. Jioni huwafaa wengi kwa sababu huiweka mbali na dawa za asubuhi, hasa ya tezi ya shingo (swali la 14).

11. Naharisha tangu nianze. Niendelee?

Magnesiamu isiyofyonzwa huvuta maji ndani ya utumbo. Hicho ndicho chanzo. Acha siku mbili hadi tumbo litulie, kisha rudi kwa nusu ya kiasi, pamoja na chakula, na ikiwa ulikuwa unatumia oksaidi au sitreti badili uende glisineti. Usivumilie ukidhani mwili utazoea. Kuharisha hupoteza potasiamu na magnesiamu yenyewe, na potasiamu ikishuka moyo huruka zaidi. Kuna watu wanaoongeza vidonge kwa sababu moyo umezidi, kumbe ni choo ndicho kinachouchokoza.

12. Nitaona tofauti baada ya muda gani?

Kiwango cha damu huweza kupanda ndani ya siku chache. Akiba ya mifupa na misuli huchukua wiki. Jipe wiki 6 kwa kiasi kile kile, ukiandika idadi ya siku zenye moyo kudunda na kiwango cha uchovu, na usianze kirutubisho kingine ndani ya wiki hizo, la sivyo hutajua kipi kilifanya nini. Bila tofauti baada ya wiki 6, acha, na rudi kwenye swali la 5.

13. Niongeze potasiamu pia?

Si kwa uamuzi wako mwenyewe. Ni kweli kwamba hizi mbili huenda pamoja: magnesiamu ikiwa chini, figo humwaga potasiamu, na hata ukipewa potasiamu haipandi mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza. Lakini potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo, na hatari huwa kubwa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa za presha kama enalaprili, losartani au spironolaktoni. Pima kwanza.

## Pamoja na dawa nyingine

14. Ni dawa zipi nizitenganishe na magnesiamu?

Magnesiamu hushikana na baadhi ya dawa tumboni, na dawa hiyo ikatoka bila kufanya kazi. Levothiroksini ya tezi: acha saa 4 kati yake. Siprofloksasini na jamaa zake: meza antibayotiki saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Doksisiklini: angalau saa 2 hadi 3. Dolutegraviri ya VVU: saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake, hili lisichezewe, kwani dawa ikipungua mwilini virusi hupata nafasi ya kuwa sugu. Dawa za mifupa kama alendronati: saa 2. Gabapentini (dawa ya kifafa na maumivu ya neva) na madini ya chuma: saa 2 pia.

Kwa antibayotiki ya siku chache, rahisi zaidi ni kusimamisha magnesiamu hadi umalize dozi.

Kwa wanaotumia dawa za moyo: digoksini huwa na sumu zaidi magnesiamu ikiwa chini, kwa hiyo kiwango kipimwe, vidonge vitenganishwe kwa saa 2. Dawa zinazorefusha muda wa QT kwenye ECG (muda ambao moyo hutumia kujikaza na kujiandaa upya kwa umeme) huwa hatari zaidi kwa mwenye upungufu. Spironolaktoni na amiloridi huibakiza magnesiamu mwilini, kinyume cha furosemidi. Na kamwe usipunguze dawa ya moyo kwa sababu umeanza magnesiamu.

## Hali za pekee

15. Nina ugonjwa wa figo. Je?

Usianze bila daktari wa figo. Figo ndizo njia ya kuitoa iliyozidi. Uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, magnesiamu hujilundika hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo. Hesabu pia iliyojificha: dawa nyingi za kiungulia na za kulegeza choo zina magnesiamu. Mzee mwenye figo zilizochoka bila kujua, anayekunywa dawa ya choo kila siku na kuongeza vidonge vya moyo, ndiye anayefikishwa hospitali na sumu ya magnesiamu.

Ishara zake huanza na kichefuchefu, uso kuwaka na presha kushuka. Kisha usingizi mzito, misuli kulegea, mapigo kuwa ya polepole, na mwishoni pumzi na moyo kusimama. Ni dharura, hospitali hutoa kalsiamu kwenye mshipa.

Wenye mapigo ya polepole, wenye kuzibwa kwa njia ya umeme wa moyo bila kifaa cha kuuendesha, na wenye mayasthenia gravisi (ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu) nao wasitumie bila daktari.

16. Ni mjamzito na moyo unadunda. Naweza kumeza?

Mahitaji ni mg 350 hadi 360 kwa siku, chakula kikiwemo, na kiasi kidogo cha nyongeza kwa kawaida ni salama. Lakini katika ujauzito damu huongezeka wingi, moyo hufanya kazi zaidi, na upungufu wa damu ni wa mara kwa mara. Pima damu kwanza. Mweleze mkunga unachomeza. Salfeti ya magnesiamu inayotolewa hospitali kwa kifafa cha mimba ni tiba nyingine kabisa, na vidonge haviizuii hali hiyo wala kuitibu.

17. Na mtoto?

Mtoto anayelalamika moyo kudunda apelekwe kwa daktari. Mpaka wa nyongeza ni mg 65 kwa wa mwaka 1 hadi 3 na mg 110 kwa wa miaka 4 hadi 8, lakini kwa dalili ya moyo swali la kipimo cha kidonge bado halijafika.

18. Mafuta ya kupaka au kuoga na chumvi ya Epsom?

Huenda kukapumzisha mwili, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba magnesiamu ya kutosha hupenya ngozi kiasi cha kurekebisha upungufu. Chumvi hiyo ni salfeti ya magnesiamu. Usiinywe kama kirutubisho, ni dawa kali ya kuharisha.

19. Hospitali walinitundikia magnesiamu na moyo ukatulia. Vidonge vitafanya vile vile?

Hapana. Gramu 2 za salfeti kwenye mshipa, kama zinavyotolewa kwa mdundo hatari uitwao torsade de pointes, hufika kwenye damu ndani ya dakika, mashine ikiangalia moyo. Kidonge hufyonzwa kwa saa nyingi na sehemu tu. Kikizidishwa ili kifanane na dripu, huishia chooni. Kama ulitundikiwa, ulizia kiwango chako kilikuwa ngapi na kilishuka kwa nini, maana chanzo kikibaki kitashuka tena.

20. Magnesiamu yangu ya damu iko sawa, nimemeza wiki 6, bado nimechoka na moyo unaruka. Nini kinafuata?

Acha vidonge. Kagua kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, dawa za mafua zenye pseudoefedrini na dawa za pumu za kuvuta kama salbutamoli. Vyote huchochea moyo. Muulize anayelala chumba kimoja nawe kama unakoroma na kukata pumzi usingizini, kwani ugonjwa huo huleta uchovu wa mchana na kuvuruga mdundo wa moyo. Simama kutoka kitandani, pima mapigo mara moja, kisha kila dakika hadi dakika 10: yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, na kichwa kikawa chepesi, mpelekee daktari namba hizo. Wasiwasi mkali pia huleta mapigo ya kweli, yanayohesabika, na una matibabu yake. Kama hujawahi kuvaa kifaa cha saa 24, hicho ndicho cha kuomba sasa, na ukivae siku ya kazi zako za kawaida, si siku ya kupumzika.